Lawama Apewe Zuhura?

Katika mwambao wetu huu neno "nyota" lina kazi nyingi kuliko kung'aa usiku. Mchumba akikataliwa, husemwa nyota zao hazikupatana. Duka likikosa wateja, nyota ya mwenyewe imefunikwa. Kijana akianguka mtihani mara mbili, mamake huambiwa kwamba kuna mtu ameichezea nyota ya mwanawe. Na mume akimchoka mkewe, hapo ndipo neno hili hujiwa na mbio kuliko siku nyingine zote, kwa kuwa humwondolea mtu haja ya kueleza lililotendeka nyumbani mwake.

Makatazo ya jambo hili twayajua sote. Yamesemwa kwenye mimbari tangu zamani za mababu zetu, nasi twaitikia vichwa. Kisha mtu aliyekatazwa mchana huonekana usiku amejifunika kanga au amevuta kofia usoni, abisha mlango wa mwalimu wa kitabu. Basi leo, ndugu msomaji, nataka tulitazame jambo hili kwa dirisha ambalo si mazoea yetu. Namleta mbele yako Mwafrika wa kaskazini, askofu wa Kikristo, aliyefariki karibu miaka mia mbili kabla ya Hijra. Simleti atufundishe dini, kwani dini tunayo. Namleta kwa kuwa alikuwa mteja wa wanajimu kabla ya kuwa hasimu wao, na kwa kuwa alilishika jambo hili mahali ambapo wengi wetu hatupashiki: alitaka kujua, ikiwa nyota ndiyo iliyotenda, ni nani basi wa kulaumiwa?

Lakini kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja. Falaki ni mbili. Iko falaki ya hesabu, ambayo kwayo wazee wetu walijua nyakati za sala, upande wa kibla na miandamo ya mwezi, na kwayo manahodha walivuka bahari kutoka Omani hadi Lamu na Zanzibar bila ya kuiona ardhi. Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa karne ya 15, aliandika vitabu vizima juu ya elimu hiyo. Mkulima naye hutazama Kilimia, akasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, akashika jembe lake. Hapa nyota ni alama na mtu ndiye mwenye kazi, wala sijapata kumsikia alimu mwenye ugomvi nayo. Falaki ya pili ndiyo ile isemayo kwamba Mirihi yampa mtu hasira, Zuhura yampa ashiki, na Zuhali yampa nuhusi. Hiyo ndiyo maneno yetu ya leo.

Mtu wangu aitwa Augustino. Alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras, nchini Algeria. Mamake, Monika, alikuwa Mkristo mcha Mungu. Babake, Patricius, aliabudu miungu ya Kirumi, akaingia Ukristo mwisho wa umri wake. Kijana alikuwa na akili kali. Alipelekwa kusoma Karthago, mji ambao magofu yake yako ubavuni mwa Tunis, akawa mwalimu wa ufasaha wa kusema. Na wakati wote huo, kwa kinywa chake mwenyewe katika kitabu cha maisha yake alichokiandika karibu mwaka 397 hadi 400, hakuacha kuwaendea wanajimu. Alivisoma vitabu vyao akavijua.

Aliyemshika mkono mara ya kwanza hakuwa kasisi. Alikuwa tabibu mzee jina lake Vindicianus, mtu mwenye cheo kikubwa serikalini. Alimwambia kijana avitupe vitabu vile. Yeye mwenyewe, alisema, alivisoma ujanani akitaka kuvifanya kazi ya kumlisha, na aliyaweza mambo magumu ya utabibu, kwa hivyo hesabu za nyota hazikumshinda. Aliziacha kwa sababu alizikuta ni uongo, na hakutaka kula kwa kuwahadaa watu. Augustino akamuuliza, basi mbona mambo mengi wayasemayo huwa kweli? Mzee akamjibu kwamba ni bahati tu, iliyotawanyika katika mambo yote ya dunia. Atupaye maneno mengi, baadhi hayakosi kuangukia mahali pake.

Kijana hakukinai. Nasema hivi ili nisionekane namsifu kupita kiasi: hoja nzuri aliisikia, akaenda zake, na miaka ikapita.

Kilichomgeuza ni kisa alichosimuliwa huko Milan, Italia, na rafiki yake Firminus, ambaye alikuja kwake kutaka atazamiwe mambo yake. Babake Firminus alikuwa mshabiki mkubwa wa unajimu, na alikuwa na sahibu mwenye ushabiki kama wake, hata walikuwa wakiandika saa za kuzaliwa wanyama wa nyumbani mwao. Ikawa mamake Firminus ni mja mzito, na mtumwa wa kike wa yule sahibu pia ni mja mzito. Wanaume wale wawili wakahesabu siku, saa, na vipande vya saa. Wanawake wakashikwa na uchungu wakati mmoja. Kila nyumba ikatuma mjumbe kwenda kuipa ya pili habari pindi mtoto atakapotoka, na wajumbe wale wakakutana njiani, masafa sawasawa kutoka nyumba hii na ile. Hapakuwa na njia ya kuwatofautishia nyota. Watoto wale walizaliwa chini ya mbingu moja, dakika moja.

Firminus alikua katika mali na heshima, akisogea mbele kila mwaka. Yule wa pili alibaki mtumwa, akiwahudumia mabwana zake, na habari zake Firminus mwenyewe ndiye aliyezileta, kwani alimjua.

Augustino alikaa akawaza. Mnajimu akiletewa saa ile ya kuzaliwa, atasema nini? Akimtabiria huyu utajiri, itambidi amtabirie na mtumwa utajiri, naye atakuwa amesema uongo. Akitaka kusema kweli kwa wote wawili, itambidi aseme maneno mbalimbali kutoka hesabu ile ile moja. Basi ukweli wake hautoki katika hesabu. Watoka katika kumwona mteja alivyovaa.

Baadaye, katika kitabu chake kikubwa cha Mji wa Mungu alichokianza mwaka 413, alilirudia jambo hili kwa mapacha, akawataja Yakubu na Esau, watoto wa Nabii Is-haka, waliozaliwa wakifuatana kisigino kwa kisigino na wasifanane tabia wala maisha. Wanajimu wa zamani walikuwa na jibu lao. Mmoja wao alilizungusha gurudumu la mfinyanzi kwa kasi, akaligusa kwa wino mara mbili haraka haraka kama awezavyo. Liliposimama, alama mbili zilionekana ziko mbali. Vivyo hivyo, alisema, mbingu huzunguka kasi hata mapacha wakaachana. Augustino alicheka, akasema hoja hiyo ni dhaifu kuliko vyungu vinavyotoka kwenye gurudumu lenyewe. Ikiwa kufumba na kufumbua jicho kwageuza maisha ya mtu, ni nani aliyeijua saa ya mteja wake kwa kiasi hicho?

Hapa msomaji wa Mji wa Kale au Malindi ataniambia: hayo ni ya Warumi, sisi hatuhesabu kwa saa ya kuzaliwa. Ni kweli, na nadhani yetu sisi ni dhaifu zaidi. Sisi huhesabu kwa jina. Huchukuliwa jina la mtu na jina la mamake, kila herufi ikapewa thamani yake ya abjadi, zikajumlishwa, zikagawanywa kwa 12, na kinachosalia ndicho kiitacho buruji, kuanzia Hamali hadi Hutu. Tufanye pamoja. Ali: aini ni 70, lamu 30, ye 10, jumla 110. Mamake ni Fatma: fe 80, alifu 1, to 9, mimu 40, na ile herufi ya mwisho, walio wengi huihesabu kama he, yaani 5, jumla 135. Ukiweka pamoja ni 245. Gawanya kwa 12, yasalia 5. Ali wa Fatma ni Asadi, nyota ya moto.

Sasa ihesabu herufi ile ya mwisho kama te, ambayo thamani yake ni 400, kwani hutamkwa te pale neno linapounganishwa na jingine. Jumla yote yawa 640, na kinachosalia ni 4. Ali yule yule sasa ni Saratani, nyota ya maji. Moto umekuwa maji kwa nukta mbili za kalamu! Na bado hatujawahesabu akina Ali wote wa pwani ambao mama zao ni akina Fatma. Twawajua sote: mmoja ni tajiri wa lori, mmoja yuko jela ya Shimo la Tewa, mmoja ni imamu, na mmoja ukimkopesha shilingi mia humwoni tena mpaka Idi. Na ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja Ali na mmoja Umari, hesabu itawapa buruji mbalimbali. Askofu wetu alihangaika na mapacha. Laiti angeiona hesabu yetu angepumzika mapema.

Nasema kwa mzaha, lakini nimeshuhudia mahali ambapo haukuwa mzaha. Mtaa sitautaja. Mume na mke wamekaa miaka kumi na mmoja, watoto wanne, na katika miaka hiyo mke ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi za usiku kukanda unga wa mahamri, ada za shule zikatoka humo. Mume akapata mwanamke wa pili, jambo ambalo sheria haikumkataza. Kisha mambo ya fedha yakamkalia vibaya, akaenda kwa mwalimu wa kitabu. Akaambiwa yeye ni moto na mkewe ni maji, na maji ndiyo yazimayo riziki yake. Akaandika talaka. Wazee walikusanyika, nami nilikuwapo, na ami yake mke akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hebu tuelezee, kosa lake huyu ni lipi?" Yule bwana akainamisha kichwa akasema, "Ami, hana kosa. Ni nyota." Kutoka nyuma ya pazia tukamsikia mke asema, "Miaka kumi na mmoja maji haya yalikuwa wapi?" Hakujibiwa.

Yapime maneno yale, "hana kosa, ni nyota." Kwa masikio ya haraka ni maneno ya adabu, hakumtukana, hakumzulia. Lakini ukiyapindua utaona kwamba aliyeondolewa kosa si mke, ambaye tangu hapo hakuwa nalo. Ni mume. Na hapa ndipo askofu yule aliposhika penyewe. Alisema kwamba wanajimu humwambia mtu sababu ya dhambi yake yatoka mbinguni, Zuhura imefanya hili, au Zuhali, au Mirihi, ili binadamu, nyama na damu na kiburi chake, atoke msafi, na lawama imwendee Muumba wa mbingu na mpangaji wa nyota. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Mteja haendi kununua habari za kesho tu. Huenda kununua udhuru. Akasema pia kwamba mtu huingia kwa mnajimu akiwa huru, akatoa fedha yake, akatoka mtumwa wa Mirihi au wa Zuhura.

Na alikuwa na kisa kimoja alichowasimulia waumini wake, nacho nakipenda kuliko hoja zake zote. Mwangalieni mnajimu, aliwaambia, akisha kuwauzia wateja majaaliwa yao, arudipo nyumbani. Amkuta mkewe achungulia dirishani mara kwa mara, au acheka mno na wanaume wa kando. Je, hamkemei? Hampigi? Na mke akimwambia, "Mbona wanipiga mimi? Mpige Zuhura ukimweza, ndiye anifanyaye hivi," mume atajibu nini? Atamwambia wewe mjinga, maneno ya kumwuzia mteja ni mbali na maneno ya kutawala nyumba. (Kupiga wake simo, na Augustino mwenyewe amesifu katika kitabu chake jinsi mamake alivyosalimika na hasira za babake. Lakini kisa kimefika.) Hakuna mnajimu aiaminiye nyota wakati mwivi aondokapo na kuku wake. Wala sijasikia kadhi akikata nafaka ya watoto kwa hesabu ya buruji.

Najua swali linalomwasha msomaji. Atasema: nasi si twaamini kadari? Na Mungu si ajua yote kabla hayajawa? Swali hili nalo alilikuta. Cicero, mwanasheria wa Kirumi aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Nabii Isa, aliona mambo mawili hayakai chungu kimoja: Mungu ajuaye yote na mtu mwenye hiari. Akachagua kuiokoa hiari, akakana ujuzi wa mbele. Augustino alikataa kuchagua. Mungu ajua, alisema, na miongoni mwa ayajuayo ni kwamba wewe utataka kwa kutaka kwako. Kujua kwake hakukunyang'anyi mkono wako. Wanavyuoni wetu wa Kiashari waliofuata karne nyingi baadaye walilitafutia jambo hilo jina lao, wakasema Mungu huumba kitendo na mja hukichuma. Hawakusema neno moja na askofu, lakini waliruka shimo moja.

Tunapoachana naye ni hapa: yeye alishikilia kwamba kosa la Adamu lilirithiwa na wanawe wote, hata mtoto mchanga, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kukaza hapo. Sisi twasema mtoto huzaliwa katika fitra, safi. Sioni haja ya kulificha hilo ili urafiki upendeze.

Lakini kwa habari ya nyota, njia ni moja. Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu (s.a.w.), alipofariki mwaka 632, jua lilipatwa, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa msiba ule. Ungefikiri baba aliyefiwa angenyamaza akapokea heshima hiyo. Yeye alitoka akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Na karibu mwaka 639, Sayyidna Umar alipogeuza msafara wake asiingie Sham yenye tauni, aliulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba aikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akatoa mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la majani na bonde kavu: popote atakapowapeleka ni kwa kadari, lakini wa kuchagua bonde ni yeye. Kisha Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, karibu na Karthago ile ile ya Augustino, akaiwekea unajimu mlango mzima katika Muqaddima yake kuubomoa. Ubaya wake, kwa maoni yake, ni kwamba ukisibu mara moja kwa bahati, wajinga huuamini katika yote.

Kanisa nalo halijabadilika. Katekisimu ya Wakatoliki iliyotolewa mwaka 1992 yawakataza waumini kutazamiwa nyota. Jirani yangu Mkristo alipoulizwa mbona wale Majusi wa Injili walifuata nyota kumtafuta Isa, hakuwa na jibu. Augustino alikuwa nalo: nyota ile ilitokea kwa sababu mtoto amezaliwa; mtoto hakuzaliwa kwa sababu nyota imetokea. Katikati ya sentensi hizo mbili yapita bahari nzima.

Wala hakuwa mtu wa kukana lililo wazi. Alikubali kwamba jua likisogea majira hugeuka, na mwezi ukikua na kupungua baadhi ya viumbe vya baharini hukua na kupungua nao, na maji hujaa na kupwa. Sisi wa pwani hatuhitaji askofu kutuambia hilo, mvuvi ajua maji ya bamvua na maji mafu kabla ya kuota ndevu. Alichokataa ni kwamba nia ya mtu nayo ni maji, yavutwa na mwezi kutoka mwamba hadi mwamba bila ya kuulizwa.

Augustino alirudi Afrika, akawa askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba katika Algeria, akafia huko tarehe 28 Agosti mwaka 430, mji umezingirwa na jeshi la Wavandali. Katika hotuba zake zilizohifadhiwa imo moja ambayo mwishoni aliwaonyesha waumini mtu aliyesimama kati yao. Alikuwa Mkristo, akauacha, akawa mnajimu kwa miaka mingi. Aliwauzia watu maneno kwamba si nia yao iliyozini bali ni Zuhura, wala si nia yao iliyoua bali ni Mirihi, akachukua fedha za Wakristo wengi waliokuwamo humo humo kanisani. Sasa alitaka kutubu. Alikuwa akibisha mlango tangu kabla ya Pasaka, na Augustino hakumfungulia upesi, kwa kuwa kazi aliyoifanya ni kazi ya hadaa, na alihofia kuhadaiwa. Mwishowe alimkubali. Mtu yule alikuja na vitabu vyake kwapani ili vitiwe moto. Augustino akawaambia waliohudhuria wamtazame vizuri uso wake, wampende, na wawaeleze ambao hawakuwapo siku ile, wapate kumchunga nyendo zake popote watakapokutana naye mjini.